Rivyu: matembezi ya siku moja Marangu mpaka Mandara, kwa sisi wa vichaka sio wa kilele

Wadau, hii sio rivyu ya kupanda Kilimanjaro, kile kilele cha mita 5,895 waachieni wenye magoti yao. Hii ni ya matembezi ya siku moja, unaingia geti la Marangu asubuhi, unapanda ndani ya msitu mpaka vibanda vya Mandara, ukiwa na pumzi imebaki unamalizia kreta ya Maundi, jioni umerudi Moshi unakula mtori wako. Kampuni siitaji maana nina lawama zangu nao na sitaki maneno, ila huduma yenyewe iko kwa kampuni karibu zote za Moshi na Marangu, bei zinacheza kutokana na msimu na idadi yenu, mkiwa kundi mnagawana gari. Tofauti kubwa ni nani anakuongoza, na hapo ndo penye rivyu yangu.

Mimi nina kitalu cha miche. Nauza miti ya asili, na swali ninaloulizwa na wateja ni lilelile, chini ya miti mikubwa nipande nini, maana mtu kapanda podo zake zimesimama vizuri lakini chini ni vumbi na majani makavu tu, akiweka maua ya dukani yanakufa. Kwa hiyo nilipowaandikia wale jamaa wasapu niliwaambia kabisa nataka mtu wa mimea, sitaki mtu wa kunipiga picha na kuniambia pole pole. Wakajibu "sawa mama, tumekuelewa." Na kiukweli walielewa, wakaniletea kijana wa hukohuko Marangu, kasoma mambo ya wanyamapori chuoni lakini majina ya mimea kafundishwa na bibi yake, kwa hiyo kila kitu anacho mara mbili, la Kichaga na la kisayansi, na lile asilolijua anakwambia "hili mama sijui" bila kona kona. Huyo peke yake ni nyota tatu.

Msaidizi wake sasa, mh. Yule kila kichaka tukimuuliza ni dawa ya tumbo. Kichaka cha kwanza dawa ya tumbo, cha pili dawa ya tumbo, wenzangu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Mtoto mzuri, mkarimu, alinibebea begi, lakini kwa mimea bado.

Kilichonifurahisha ni kwamba kaka wa mimea hakusubiri geti. Alituanzishia somo kwenye vihamba, huko chini kwenye migomba na kahawa, akatuonyesha masale kwenye mpaka wa shamba la mtu. Wachaga wote mnajua masale, yale majani marefu ya kijani tunayopanda kuonyesha mwisho wa kihamba, na ukimkosea mtu unampelekea sale kuomba radhi. Akatuuliza, haya mnadhani yametokea wapi? Yametoka msituni, ndo Dracaena fragrans, kichaka cha kivulini, ndo maana yanavumilia chini ya migomba ambapo vitu vingine vinanyong'onyea. Akasema tukiingia msituni tuangalie yanakaaje, kwa sababu kihambani yamekaa mstari kwa kuwa mtu kayapanda, kule juu hakuna mtu.

Na kweli, yale machache tuliyokutana nayo hayakuwa kwenye mstari wala hayakutawanyika, yako kwa mafungu, fungu hapa halafu unatembea weee huoni hata moja. Tukainama kuangalia. Shina la zamani lilikuwa limelala chini, limeoza katikati, na kwenye kila pingili iliyogusa udongo limetoa mizizi na kuchipua upya. Kumbe fungu zima ni mtu mmoja! Mama aliyeanguka na watoto aliozaa akiwa amelala. Sasa hapo ndo nikaanza kuona pesa yangu imefanya kazi.

Geti lenyewe sina la kusema sana, malipo ni kwa kontrol namba au kadi, msiende na keshi mkononi, kitambulisho cha taifa mbebe ili mlipe kiingilio cha Mtanzania. Pale uko kama mita 1,900 hivi, na msitu unaanza hapohapo, huhitaji kutembea saa zima kuutafuta. Kuna njia ya wagumu, yaani wapagazi, na mizigo yao na kuna njia ya wageni inayopita karibu na kijito, chukueni ya wageni, hiyo ndo yenye vichaka vya maana.

Kifaa chake kilikuwa kamba. Kamba ya kawaida ya katani, kafunga fundo kila mita. Kwa kuwa huruhusiwi kutoka njiani na kukanyaga ovyo, alikuwa anailaza pembeni ya njia, sisi tunapita tunaandika kila kichaka kinachofikiwa na mkono kutoka kwenye kamba, kiko karibu na fundo gani na juu yake kuna mti gani. Wenyewe watafiti wanaita transekti, na wakiwa na kibali wanaweka viwanja vya mraba wanapima kila shina liko wapi, halafu wanalinganisha na vile ambavyo mashina yangekaa kama yangemwagwa tu kwa bahati nasibu. Yakiwa yamesongamana kuliko bahati nasibu kuna sababu, yakiwa yamekwepana kuliko bahati nasibu pia kuna sababu. Nilidhani itaboa, wallahi haikuboa. Kulikuwa na baba mmoja mhasibu kwenye kundi letu, aliyekuja kwa ajili ya picha tu, ndo alikuwa mkali kuliko wote, anatugombeza tukiruka fundo.

Ngoja niwape kichaka kimoja muone. Kule chini kwenye eneo la mikulo, ule mti wa kamfa, Ocotea usambarensis, kuna kichaka kinaitwa Lasianthus kilimandscharicus. Ukikipita haraka utasema ni mbuni uliopotea njia. Kaka akashika tawi akatuambia tuangalie majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, halafu katikati ya vikonyo viwili, pale penye pingili, kuna kigamba kidogo cha pembetatu. Hicho kigamba kipo pia kwenye kahawa, nendeni mkaangalie nyumbani, kwa sababu ni ukoo mmoja. Lakini kahawa inazaa nyekundu, huyu anazaa vitunda vya bluu, bluu kabisa, vimejibana kwenye shina kama shanga. Chini ya msitu ule kuna wengi wa ukoo huu wa kahawa, kuna Galiniera mwenye vitunda vyekundu, kuna Psychotria, na ukishajua kile kigamba unawatambua hata kama hawana tunda wala ua. Mimi nina miaka kwenye miche na hiyo ya kigamba sikuwa nayo kichwani.

Sasa kwenye kamba Lasianthus hawakukaa sawasawa. Mafundo mengi matupu, halafu ghafla wako watano sita wamebanana, halafu tena kimya. Yule mhasibu akasema basi wanapendana. Kaka akacheka, akasema "mzee, wanapendana au wanapenda kitu kilekile?" Hilo swali nimelichukua nimelitia mfukoni. Akatupa sababu zake, ndege anakula tunda, anaenda kutua kwenye tawi lake la kila siku, anadondosha mbegu palepale chini, kwa hiyo miche inaota chini ya tawi la ndege sio popote. Pili kuna vibonde, udongo umekusanyika na unyevu haukauki, humo utakuta Piper capense, ukiponda jani lake linanukia pilipili manga, na huyo na Lasianthus wanaonekana marafiki wa kufa na kuzikana kumbe kila mmoja kafuata maji yake. Tatu ni mwanga. Kwa hiyo vichaka viwili kukaa pamoja bado sio ushahidi kwamba kimoja kinamsaidia mwenzie, inabidi utafute sehemu yenye kibonde lakini kimojawapo hakipo, uone aliyebaki anaishije. Nilivyokuwa napanga miche kwa kusoma kitabu kimeandika "huota pamoja na", hii imenipa kazi mpya.

Mwanga tuliuona vizuri pale mti mkubwa ulipoanguka. Unatoka kwenye kivuli ambacho saa sita mchana ni kama jioni, unaingia kwenye uwazi, na watu wote wamebadilika. Lasianthus hayupo, Piper hayupo, badala yake kuna Rubus, beri ya porini yenye miiba inayokushika suruali, na miti michanga ya Macaranga kilimandscharica inayokimbilia juu. Ukishavuka uwazi, hatua chache tu, umerudi kwa watu wa kivuli. Mpaka ni mkali hivyo. Akatueleza kwamba zamani mikulo ilikatwa sana kwa mbao, na kila shimo lililobaki Macaranga aliingia, kwa hiyo unaweza kusoma historia ya misumeno kwa kuangalia nani kasimama wapi. Mkulo wenyewe unachipua kutoka kwenye mizizi, haujakata tamaa, ila ni mzito kukua.

Kidogo niwachomekee hapa, mmesikia mti wa asili mrefu kuliko yote Afrika uko Kilimanjaro, mita 81.5, Entandrophragma excelsum, habari yake ilitoka 2016 na kila mtu aliipost. Hakuna hata mmoja aliyeuliza chini yake kunaota nini. Ndo sisi.

Tukafika Kisambioni, ndo mnapokaa kula. Hapa sasa niseme la moyoni. Boksi la lanchi la hawa jamaa ni la kutia huruma, chipsi za jana zimekaa kama mpira, kipapatio kimoja, yai, ndizi (ndizi ya Marangu, hiyo ilikuwa nzuri), na juisi ya boksi ya moto. Kwa pesa ile, na mko Uchagani penye kila aina ya chakula, hamwezi kumlipa mama yeyote pale kijijini akawafungia kiburu? Nyota moja imeondokea hapo. Nyingine nusu imeondoka kwa kuchelewa, walisema kumi na mbili na nusu asubuhi tuko kwenye gari, gari lenyewe lilikuja linatafuta mafuta, tumeingia geti jua liko juu. Dereva namuuliza vipi mangi, ananiambia "mama foleni." Foleni gani Moshi asubuhi ile jamani.

Juu ya Kisambioni msitu unabadilika na hii sehemu ndo naipenda kuliko zote. Mvua kwenye mteremko wa kusini inazidi kuongezeka unavyopanda mpaka kwenye mita 2,200 hivi, huko inapita milimita 2,500 kwa mwaka, halafu ukiendelea juu inaanza kupungua, watu wanadhani kadiri unavyopanda ndo mvua zaidi, hapana. Kwa hiyo katikati ya safari mko kwenye sehemu iliyolowa kupita zote, ukungu umeshika kila tawi, kuvumwani, yale magamba na ndevu zinazoota kwenye magome, ni nyingi, na pembeni ya maji utamuona Impatiens kilimanjari, kiua chekundu na njano ambacho hakipo popote duniani zaidi ya mlima huu. Sio kichaka, najua, ila huwezi kumpita. Ndani zaidi kuna vichaka vya Mimulopsis, hawa wana tabia yao, wanakaa miaka kadhaa bila ua, halafu wanachanua wote kwa pamoja na baada ya hapo wanakufa, na nafasi waliyoacha inagombaniwa na miche ya kila mtu. Tuliwakuta wako kijani tu, hawana habari.

Swali nililokuwa nimelibeba kutoka nyumbani ni mianzi. Mlima Meru una ukanda wa mianzi, Mlima Kenya una ukanda wa mianzi, kwa nini upande huu wa Kilimanjaro huuoni? Nilitegemea ataniambia udongo. Akasema mtafiti wa Kijerumani, Andreas Hemp, ambaye kafanya kazi mlima huu miaka mingi sana, anahusisha na wanyama wakubwa, tembo na nyati, kwamba wanavunja vunja msitu na kufungua nafasi ambazo mianzi inaingia, na upande wa kusini vihamba vimezunguka mlima vimewazuia wasipande. Yaani migomba ya babu zetu imepanga hata kinachoota juu kwenye mita 2,500. Nilikaa kimya kidogo hapo.

Kukaribia Mandara, mita 2,700 hivi, mikulo imekwisha, kuna podo na wale Erica excelsa, na Erica, ambaye juu zaidi ni kichaka, hapa ni mti kabisa, una ndevu za kijivu zinaning'inia kila tawi. Chini yake, kulinganisha na tulikotoka, ni kutupu. Tulilaza kamba, mafundo yanapita hamna cha kuandika. Kaka akasema hapa moto ulishapita zamani. Erica anavumilia moto, ukishaungua msitu anajaza sehemu nzima peke yake, wote wa umri mmoja, wamesongamana hawaachi mwanga. Moto usiporudi, taratibu podo na wenzake wanaanza kuota chini yake na msitu unajirudi. Moto ukirudi rudi, hata Erica anabaki kichaka tu, na mwisho wa msitu unashuka, na ukishuka unaondoka na wale waliokuwa wanakamata ukungu na kuugeuza maji. Wanasema miongo hii msitu wa juu umeshuka mamia ya mita kwa ajili ya moto. Ule moto wa Oktoba 2020 mnaukumbuka, ulianzia eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, ukala kilomita za mraba kama 95. Ukienda Maundi ukatazama juu unaanza kuelewa kwa nini vichaka vya kule viko vifupi.

Njia ya Maundi ni fupi na usiiache hata kama umechoka. Unatoka msituni ghafla, upepo, jua, Hypericum revolutum yenye maua ya njano makubwa, Protea ya mlima, Erica zimekuwa za kiunoni. Hapa mpangilio ni mwingine kabisa, vichaka vimekaa visiwa visiwa katikati ya majani, na ukitazama upande wa nyuma ya kichaka kikubwa, penye kinga ya upepo, ndo kuna miche midogo. Hapa kaka akasema sasa hapa kweli kuna kusaidiana, kule chini wanagombania mwanga, huku juu baridi na jua kali ndo adui, kwa hiyo aliyetangulia anamkinga aliyefuata. Siku ikiwa wazi unaiona Taveta upande wa Kenya. Sisi tuliiona dakika kidogo, wingu likafunga.

Lawama nyingine ya mwisho, kuchanganya makundi. Walituchanganya na vijana waliokuja na spika, amapiano mwanzo mwisho, mpaka Kisambioni hatujaona kima hata mmoja. Baadae wakatangulia ndo tukaona mbega karibu na Mandara, wametulia zao. Kampuni ikishajua watu wengine wamekuja kuangalia na wengine wamekuja kusherehekea, iwape siku mbili tofauti, wote ni wateja.

Kwenye kitalu nimeshaanza kubadilisha. Mteja akija anataka vichaka vya kivulini simpi tena viriba kumi apange mstari kila baada ya mita, namwambia achimbe kibonde, atie mboji, apande vitatu vinne pamoja, aache nafasi tupu, halafu kibonde kingine. Ambaye ana mti ulioanguka au kona yenye jua namtenga, huyo ni mteja wa vitu vingine. Na tafadhali msiende kung'oa miche hifadhini, ni kosa la jinai na hata ukitoka nayo haitashika, njooni vitaluni.

Jumla yangu ni nyota tatu na nusu kati ya tano, karibu zote za kaka wa mimea, maana lanchi na dereva wangekuwa peke yao ni sifuri. Miezi mizuri ni Januari, Februari na kuanzia Juni mpaka Oktoba, masika msijaribu, njia inateleza na kamba hailali. Vaeni buti, soksi vuta juu ya suruali, koti la mvua hata kama Moshi kuna jua. Na mkiwaandikia semeni mnataka wa mimea, rudieni tena siku moja kabla, la sivyo mnapewa wa kupanda mlima na mtafika Mandara saa tano mkiwa hamjaona kitu.